Slasha ya Trekta kwa Mikorosho Yetu: Tununue Ipi, na Nani Ailipie

(Maelezo ya Kamati ya Fedha na Mipango mbele ya mkutano mkuu wa mwaka wa wana-Chilangala waishio Dar es Salaam)



Mkutano wa mwaka jana ulitutuma kazi moja. Mlisema trekta la chama lipo, linalima na kubeba magunia, lakini Mei na Juni, wakati majani yamefika kifuani chini ya mikorosho, trekta hilo limepaki. Mkataka tutafute mashine ya kufyekea, ya kufunga nyuma ya trekta, tulete bei, tuchange, tununue. Tumekwenda, tumepima, tumeuliza, tumerudi. Tunaomba mtuvumilie, maana jibu letu lina sehemu ambayo baadhi yenu hamtaipenda. Sisi wenyewe hatukuipenda tulipoifikia.

Mashine hiyo madereva na mafundi wanaiita slasha, nasi tutaiita hivyo hivyo. Isichanganywe na kwanja la mkono, ambalo kila aliyesoma shule ya msingi kwetu analifahamu kwa malengelenge.

Kwanza, kwa nini majani ni jambo la pesa. Mvua za kwetu huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili kuingia Mei. Kuanzia Juni mkorosho unachanua. Kabla ya hapo chini lazima pawe pasafi, kwa sababu mpulizaji wa salfa atapita na mashine mgongoni akiwahi ubwiri unga, na hawezi kupigana na vichaka huku anaangalia juu ya matawi. Baadaye korosho inaanguka yenyewe pamoja na bibo lake, na korosho iliyoangukia kwenye majani marefu huioni. Ukiiona imekwisha kupata unyevu. Na Agosti majani yale yale yamekauka, mtu akichoma shamba lake upande wa pili, moto hauulizi mpaka uko wapi.

Sasa angalieni mfuko wa mkulima wakati huo wa Mei na Juni. Pesa za msimu uliopita zimekwenda ada, zimekwenda bati, zimekwenda ngoma. Mnada wa kwanza uko mbali, Oktoba. Mwenye shamba ambaye hana vijana nyumbani anafanya moja kati ya mawili: anaacha nusu ya shamba na majani yake, au anachukua pesa ya palizi kwa mtu wa kangomba na kuahidi korosho ambazo bado ni maua. Sote tunajua kangomba. Mwaka 2018, Serikali iliponunua korosho kwa Sh 3,300 kwa kilo na jeshi likaja kubeba, wahakiki walipita wakiuliza kila mwenye mzigo ana shamba gani. Kazi ile ilimtafuta mnunuzi wa kangomba. Hatukumbuki mtu aliyemuuliza muuzaji aliuza mwezi gani na pesa aliifanyia nini. Sisi tumeuliza safari hii, kwa jamaa zetu wenyewe, kimya kimya, jikoni na barazani. Wengi walituambia neno moja: palizi.

Kwa hiyo tunaponunua slasha hatununui usafi wa shamba. Tunanunua uwezo wa mama wa miaka 65 kufika Oktoba akiwa na korosho zake zote, azipeleke kwenye AMCOS, zipimwe, ziingie ghalani, na apate bei ya mnada kama wenzake. Kipimo chetu cha mashine kiwe hicho.

Kabla ya kueleza tulichopima, tuna deni la kulipa mbele yenu. Mnaikumbuka mashine ya kusaga na kukoboa. Tulichanga vizuri, tukapiga picha, picha ikawekwa kwenye jalada la kijitabu hiki. Ilifanya kazi msimu mmoja. Beringi ikafa, fundi akataka Sh 380,000, na hakukuwa na mtu mwenye pesa hiyo wala mwenye ruhusa ya kuitoa. Ikakaa. Kuku wakatagia ndani yake. Wengi mlilaumu vijana walioiendesha. Ukweli ni kwamba bajeti ile ilipita mikononi mwetu, sisi wa kamati ya fedha, watu tunaokula mkate wetu kwa kusoma hesabu za wengine. Tuliona hapakuwa na mstari wa matengenezo. Tuliona, tukanyamaza, kwa sababu ilikuwa harambee, watu wana furaha, mgeni rasmi yuko mezani, na mstari huo ungeongeza kiwango cha kuchangia. Kosa lile ni letu. Leo hatutanyamaza.

Na sisi wa Kusini mashine kubwa si ngeni kwetu. Wazee wetu walisimuliwa na wazee wao habari za Nachingwea, mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza mwaka 1947. Walileta matrekta yaliyobaki na vita, vifaru vya Sherman vikageuzwa kuwa matrekta, bandari ikajengwa Mtwara na reli ikatandazwa kwenda ndani. Ilipofika 1951 mradi ukafungwa, zaidi ya pauni milioni 30 zimezama, na reli baadaye ikang'olewa. Bandari ndiyo iliyobaki. Wale hawakukosa nguvu za mashine wala wahandisi. Waliagiza kwanza, wakapima ardhi baadaye. Njomba mmoja alitukumbusha hilo tulipofika nyumbani na makabrasha yetu ya picha za mashine, tukaona haya kidogo, tukayarudisha kwenye mkoba, tukatoa futi kamba.

Tulichopima ni hiki. Mashamba mapya, yaliyopandwa kwa ushauri wa wataalamu wa Naliendele, yana nafasi ya mita 12 kwa 12, yaani kama miche 28 kwa ekari. Humo trekta linapita kama barabarani. Lakini mashamba mengi yetu ni ya babu zetu. Mikorosho imepandwa hapa na pale, mingine imejiotea, vichwa vimeshikana, matawi ya chini yanamfika mtu kiunoni. Tulisimama chini ya mikorosho ya familia moja tukapima tawi la chini: sentimita 90. Trekta lina bomba la moshi lililosimama na dereva mwenye kichwa. Katika shamba kama hilo hakuna slasha yoyote duniani itakayofanya kazi, ndogo wala kubwa, mpaka matawi yapogolewe.

Kwa hiyo kitu cha kwanza tunachowaomba mchangie si slasha. Ni misumeno ya kupogolea, na posho ya vijana watakaoitumia baada ya mavuno, kabla majani hayajapanda. Tunajua msumeno haupendezi kwenye picha.

Sasa slasha zenyewe. Zilizopo sokoni tulizigawa kwa namna zinavyokata. Ya kwanza ni ya panga mbili au tatu zinazozunguka kwa ulalo, chini ya sahani nzito ya chuma. Trekta linaizungusha kwa ile shafti ya nyuma, PTO. Ina vitu vichache vya kuharibika: giaboksi, shafti, panga, na mikono mitatu ya kuifungia kwenye trekta. Inakata majani na vichaka laini, haikati vizuri sana, inaacha ncha zilizochanika, lakini mkorosho haujali ncha.

Ya pili ni ya nyundo. Ina bomba refu la ulalo lenye visu vidogo vingi vinavyoning'inia, na likizunguka linasaga majani mpaka yanakuwa kama makapi. Kazi yake inapendeza kweli, inasaga hata vijiti vya kupogolea, na hairushi mawe mbali. Mjumbe mmoja wa kamati aliipenda sana na bado anaipenda, tunamheshimu. Lakini bei yake ni mara mbili au zaidi kwa upana ule ule, inadai nguvu zaidi ya trekta, ina mikanda, ina beringi zilizo karibu na vumbi, na visu vikipungua upande mmoja bomba linatetemeka mpaka beringi zife. Tumekwisha kuzika beringi moja. Hatuna haraka ya kuzika nyingine.

Ipo ya meno ya mkasi, inayokata nyasi za kulisha ng'ombe. Kichaka chetu kitaizima siku ya kwanza. Na wengine walisema, kwa nini tusitumie haro tuliyo nayo? Haro inasafisha, hilo ni kweli, na gharama yake tunaijua. Lakini mkorosho unatandaza mizizi mingi karibu na uso wa ardhi, haro inaikata, na udongo wetu wa kichanga ukilegezwa kila mwaka mvua ya kwanza inaubeba. Atakayetaka haro kwenye shamba lake ni haki yake. Chama kisimshauri.

Kuna jambo la nne lililotujia kama zawadi. Ndugu yetu mmoja aliyeko Uingereza alijitolea kututafutia mashine iliyotumika, kwa bei ambayo kusema kweli ilitutamanisha. Tulimshukuru na tunamshukuru tena hapa. Tulipoomba picha na vipimo, tukaona ni ile ambayo wafugaji wa huko wanatumia malishoni. Ng'ombe wao hula nyasi laini na kuacha mashina magumu na magugu. Mfugaji anapita juu juu na mashine hii kukata vilele, malisho yachipue upya. Jina lake kwao lenyewe lina maana ya kukata vilele. Ni mashine nzuri kwa kazi iliyotengenezewa: sahani nyembamba, uzito mdogo, ardhi iliyosawazishwa kwa miaka mingi. Kwetu kuna visiki ambavyo hakuna anayekumbuka nani alivikata, na vichuguu vilivyofunikwa na majani. Sahani ile ingekunjika kama kifuniko cha sufuria. Tungelipa meli na ushuru kuleta bati.

Kwa hiyo, kwa kisiki, angalieni mambo haya mtakapoona mashine kwenye maonyesho ya Nanenane pale Ngongo, Lindi, au kwa muuzaji yeyote. Panga zisiwe zimekazwa moja kwa moja kwenye shafti. Ziwe zimening'inia kwenye bawaba, juu ya sahani ya duara iliyobinuka kama bakuli, ili zikigonga kisiki zirudi nyuma na sahani iteleze juu yake. Kando kuwe na miguu ya chuma ya kuburuza inayopandishwa na kushushwa, tuweze kukata sentimita 8 au 10 juu ya udongo. Anayekata hadi mchanga anamaliza panga kwa siku mbili. Na shafti iwe na kitu cha kujitoa mhanga: ama klachi inayoteleza, ama ile bolti laini inayokatika mashine ikikwama. Bolti hiyo ndiyo bima ya giaboksi. Tatizo ni kwamba ikikatika mara ya tatu kwa siku, dereva anachoka, anaweka bolti ngumu ya lori, na kazi inaendelea vizuri sana mpaka giaboksi inapopasuka. Tumependekeza chama kinunue bolti sahihi 50 tangu siku ya kwanza, na dereva akabidhiwe kwa hesabu. Atakayekutwa na bolti ya lori atapumzika msimu huo.

Panga zikiisha, wahunzi wetu wanaweza kutengeneza nyingine kwa springi za gari. Inafanyika sehemu nyingi. Sharti ni moja: zibadilishwe kwa jozi na zipimwe kwenye mizani, ziwe na uzito sawa. Mizani ya korosho ipo kila mahali kwetu, lakini kwa kazi hii tumieni ile ndogo ya dukani.

Upana. Hapa ndipo ugomvi ulikuwa mkubwa, kwa sababu kila mtu alitaka pana. Trekta letu ni la hosipawa 50. Slasha ya mita 1.5 linaibeba na kuizungusha bila kulia. Ya mita 2 na zaidi italilemea, itanyanyua magurudumu ya mbele kwenye mteremko, na haitapita kati ya mikorosho ya babu. Tatizo la mita 1.5 ni kwamba magurudumu ya nyuma yanatokeza kidogo kila upande, yanalaza majani, na kesho asubuhi majani yamesimama tena. Dawa yake ni mashine inayoweza kusogezwa upande wa kulia. Ikisogezwa, inafunika alama ya gurudumu la kulia na kuingia chini ya matawi, huku gurudumu la kushoto likipita palipokwisha kukatwa. Dereva anazunguka mti ukiwa kuliani kwake. Mashine isiyosogezwa hatutainunua hata ikishuka bei.

Hakikisheni pia PTO. Ya kawaida inazunguka mara 540 kwa dakika na shafti yake ina meno 6. Ipo ya 1,000, yenye meno 21, na haziingiliani.

Hizo mara 540 kwa dakika ni mara 9 kwa sekunde. Tunawaomba mama zetu wasikilize hapa, na walimu. Trekta likiingia kijijini watoto hulifuata. Hata sisi tulilifuata. Shafti isiyo na kifuniko ikinasa ncha ya kanga, hakuna muda wa kupiga kelele. Na panga ikigonga kipande cha chuma au jiwe inakirusha kama risasi, nyuma na kando. Kwa hiyo tumeandika: kifuniko cha shafti na minyororo ya kuzuia mawe ni sehemu ya mashine, si nyongeza, vikivunjika, mashine inasimama. Mtu yeyote asiwe ndani ya mita 50 wakati inazunguka, na shughuli yote isimame watoto wakionekana. Dereva atalipwa kwa siku, si kwa ekari. Dereva wa kulipwa kwa ekari hataona mtoto.

Sasa hesabu. Bei tulizotumia ni za kupanga tu, zitabadilika siku ya kununua, lakini njia ya kukokotoa haitabadilika. Mashine ya mita 1.5, trekta likienda kilomita 4 kwa saa, ingekata mita za mraba 6,000 kwa saa kama hakuna kugeuka. Kuna kugeuka, kuna miti, kuna kusimama. Toa asilimia 30, inabaki ekari moja kwa saa. Kwa siku, pamoja na kusafiri kutoka shamba hadi shamba na kupaka grisi, tumeweka ekari 4. Wiki 10, siku 5 kwa wiki: ekari 200 kwa msimu. Siku ya kwanza baadhi yetu tulisikia watu wakisema slasha itamaliza Chilangala nzima. Haitamaliza. Itafanya ekari 200, na zitakazobaki ni nyingi.

Gharama ya ekari moja tumeipanga hivi: dizeli lita 5 kwa Sh 3,000, ni 15,000. Dereva na msaidizi 5,000. Panga, bolti, grisi na oili 3,000. Akiba ya matengenezo ya slasha 5,000. Uchakavu wa slasha 5,000, tukichukulia mashine ya Sh milioni 8 inayodumu miaka 8, ili ikifa tuwe na pesa ya kununua nyingine bila kuwaita tena kwenye harambee. Uchakavu wa trekta lenyewe 7,000. Jumla ni Sh 40,000.

Kuna atakayesema, mbona kijana wa kwanja anaweza kukubali karibu na hiyo? Ni kweli, wakati mwingine. Na hatukusudii kumfukuza. Mashine haifiki kwenye shina. Ukiacha duara la mita 3 kuzunguka kila mkorosho, katika nafasi ya 12 kwa 12 unaacha mita za mraba 28 kati ya 144, karibu moja ya tano ya shamba, na hiyo ni kazi ya mkono. Mashamba ya kwenye mteremko, trekta halitashuka huko, tusidanganyane. Huko ni kwanja, au mashine ndogo ya kukata majani ya kubeba begani, na tumeweka mbili katika bajeti. Tofauti ya trekta ni kwamba linalipwa Oktoba. Hapo ndipo tunapoishinda kangomba: mwenye shamba anafyekewa Juni, anaweka sahihi, na analipa baada ya mnada wake wa kwanza. Kwa maana hiyo chama kinahitaji mtaji wa kuendesha mashine miezi minne bila kuingiza shilingi. Dizeli, watu na vifaa ni Sh 23,000 kwa ekari. Kwa ekari 200 ni Sh milioni 4.6. Ongezeni kwenye bei ya mashine. Hii ndiyo namba ambayo mwaka ule wa mashine ya kusaga tuliificha.

Na sasa sehemu isiyopendeza. Ekari 200, foleni ya nani? Tuliketi na viongozi wa nyumbani tukaona makundi matatu. Wapo wazee, wajane na wagonjwa, wasio na mikono wala pesa. Wapo wakulima wa kawaida, wanaoishi kwa mashamba yao. Halafu tupo sisi. Sisi tulioketi kwenye viti vya ukumbi huu, tuna mikorosho ya urithi nyumbani, tunapiga simu Juni kuuliza shamba limefika wapi, na tunatuma pesa pungufu. Tulipoangalia orodha ya kwanza ya waliojiandikisha kufyekewa, majina ya juu kabisa yalikuwa yetu. Tuna simu, tunamjua katibu, tulijiandikisha usiku ule ule. Majina ya wajumbe wa kamati hii yalikuwemo, namba 2, 5 na 6.

Tunapendekeza hivi. Ekari 60 za kwanza ni za kundi la wazee, wajane na wagonjwa, kwa Sh 20,000 kwa ekari, yaani dizeli na dereva tu. Ekari 80 ni za wakulima wa nyumbani kwa Sh 40,000, gharama kamili bila faida. Ekari 60 za mwisho ni zetu tunaoishi mjini, kwa Sh 60,000, na tunalipa kabla, Aprili, si baada ya mnada. Fanyeni hesabu: 1,200,000 na 3,200,000 na 3,600,000 ni milioni 8 kamili, sawasawa na ekari 200 kwa Sh 40,000. Malipo yetu ya Aprili yanapunguza pia ule mtaji wa kuendeshea mpaka Sh milioni 1. Mashine inajilipa, na pengo la mjane linazibwa na shemeji yake aliyeko Mbagala.

Tumeshaulizwa kwenye simu kama huu si ubaguzi kwa watu wanaochangia kila mwaka. Jibu letu ni kwamba mchango wa leo ni zawadi kwa Chilangala, na kufyekewa shamba ni huduma kwako. Tukichanganya hayo mawili, tutakuwa tumechangisha watu ili wafyekewe kwa bei nafuu mashamba wasiyoyakanyaga, huku bibi aliye jirani na trekta akisubiri Agosti. Sisi wa namba 2, 5 na 6 tumehamia mwisho wa orodha, na katibu anayo karatasi.

Nani atashika pesa? Akiba ya matengenezo itakaa kwenye akaunti yake, haichanganywi na rambirambi wala safari. Watatu wa kijijini, mmoja wao mwanamke, wataidhinisha matengenezo hadi Sh 500,000 bila kuuliza Dar es Salaam. Beringi ikifa Jumatatu, fundi wa Newala aanze kazi Jumanne. Sisi tutapokea taarifa na risiti, na kila kijitabu cha mwaka kitachapisha ekari zilizofyekwa kwa kila kundi, lita za dizeli, na bolti zilizokatika.

Hatutawaomba leo mtoe pesa ya mashine kabla hamjapiga kura juu ya bei hizo tatu. Kura itapigwa baada ya chakula. Ikipita, mafundi wetu wawili watakwenda Ngongo mwezi wa Agosti kuziona mashine zikikata, wakiwa na vipimo vya shafti ya trekta letu mfukoni, na tutanunua kwa wakati ili dereva ajifunze kwenye shamba tupu kabla ya Mei. Misumeno itanunuliwa mara moja, kura ipite isipite.

Fomu ya ahadi ipo ukurasa wa mwisho wa kijitabu hiki. Ina mistari minne: misumeno na kupogolea, slasha, mashine mbili za begani, na mtaji wa kuendeshea. Mstari wa nne ndio ambao watu huruka. Mwenye shamba nyumbani ajaze pia upande wa nyuma, idadi ya ekari na umbali kati ya mikorosho. Kama hujui umbali huo, usikisie. Piga simu nyumbani, mtu akapime.